Tujisahihishe, Hata Maabarani

Mwaka 2007 niliishi siku 11 nikiamini kwamba nina virusi vya UKIMWI. Sikuwa navyo. Jambo hili nimelinyamazia kwa miaka mingi, kwanza kwa aibu, kisha kwa shukrani, na mwishoni kwa mazoea tu. Naliandika leo kwa sababu nimetambua kwamba kimya changu nacho ni sehemu ya maradhi ninayotaka kuyazungumzia.

Wasomaji wa rika langu wataikumbuka Julai ya mwaka ule. Rais Jakaya Kikwete na Mama Salma Kikwete walipima VVU hadharani jijini Dar es Salaam, na kampeni ya kitaifa ya upimaji wa hiari ikazinduliwa. Lilikuwa tendo jema la kisiasa, na sina kejeli nalo. Katika nchi ambayo wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ambamo kwa muda mrefu tulizika ndugu zetu huku tukisema wamerogwa, kiongozi mkuu kunyoosha mkono wake mbele ya kamera kulikuwa na maana kubwa. Mimi nilikuwa mhadhiri msaidizi. Katika semina moja niliwahimiza wanafunzi waufuate mfano ule, na mmoja wao akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, wewe umeshapima?" Sikuwa na jibu.

Wiki chache baadaye, nikiwa likizo mkoani kwetu, nilikwenda kupima katika kituo cha afya ambacho sitakitaja. Mnasihi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye foleni ndefu nje ya mlango. Alinichoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kitepe, akaendelea kuandika. Aliponigeukia tena alikitazama kitepe kwa muda, akafungua kabati, akalifunga. "Mwanangu," akasema, "kipimo cha kwanza kimeonyesha. Cha pili cha kuthibitisha kimetuishia tangu wiki iliyopita. Urudi baada ya wiki mbili." Kisha akaandika katika rejesta, akaandika na kwenye kadi yangu. Sikuuliza ameandika nini. Kadi niliisoma nikiwa njiani, na haikuwa na neno lolote kuhusu kipimo cha pili.

Sitawachosha kwa masimulizi ya siku zile 11. Nitasema moja tu. Siku ya tatu nilimpigia simu binti niliyekuwa nimemchumbia, nikamwambia tuahirishe posa, na sikumpa sababu. Siku ya 11 nilipima tena Dar es Salaam, katika hospitali ambako vipimo vyote vilikuwapo, nikaambiwa sina maambukizi. Nilirudia baada ya miezi mitatu, kama nilivyoelekezwa, jibu likawa lile lile. Lakini uchumba haukurudi. Huwezi kumwambia mtu "tuahirishe" bila sababu, kisha ukarejea na sababu ambayo yeye hawezi kuihakiki.

Naam, nilipona. Kosa halikupona. Sikurudi katika kituo kile kuwaambia kilichotokea. Niliona nimebahatika, na mwenye bahati hageuki nyuma. Leo najiuliza: siku ile, katika foleni ile, ni wangapi walipata jibu la nusu kama langu, lakini hawakuwa na nauli ya kwenda kupima kwingine?

*

Kwa nini kipimo cha pili ni lazima? Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu swali hili, na wengi hujibu kwamba kipimo cha kwanza ni hafifu. Sivyo. Vitepe vya VVU ni miongoni mwa vipimo bora tulivyo navyo. Shida ni ya hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU. Chukua watu 1,000. Wenye virusi ni 44, wasio navyo ni 956. Tuseme kipimo chetu kinawatambua wenye virusi wote, na kwa wasio navyo kinakosea mara 1 tu katika kila watu 100. Hicho ni kipimo kizuri. Hata hivyo, kati ya wale 956, watu wapatao 10 wataonyeshwa kuwa na virusi ambavyo hawana. Kwa hiyo majibu chanya ni kama 54, na 10 kati yake ni ya uongo. Sasa fikiri kwamba wenye virusi wengi wamekwisha kujulikana na wako kwenye dawa, hivyo miongoni mwa wanaokuja kupima leo ni asilimia 1 tu wenye maambukizi. Katika watu 1,000, majibu chanya ya kweli ni 10, na ya uongo ni 10. Nusu kwa nusu! Kipimo hakijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni sisi, tena kwa mafanikio yetu wenyewe.

Hii ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2019 kwamba mtu asitangaziwe kuwa na VVU mpaka vipimo vitatu mfululizo vya aina tofauti vikubaliane. Ndiyo sababu pia, kabla mtu hajaanzishiwa dawa, inatakiwa apimwe upya kwa damu mpya, na ikiwezekana na mtoa huduma mwingine. Nisieleweke vibaya. Aliyekwisha kuanza dawa asiziache kwa kusoma makala haya. Mashaka yake ayapeleke kliniki, maana kujipima mwenyewe ukiwa kwenye dawa kunaweza kukupa jibu la kupotosha. Ninachosema ni kwamba ukweli wa jibu hautoki kwenye kitepe peke yake. Unatoka kwenye utaratibu mzima unaokizunguka: je, kipimo cha pili kipo kabatini? Je, chumba kimepita nyuzi 30 za joto, kiwango ambacho vitepe vingi havistahimili kuhifadhiwa juu yake? Je, kitepe kimesomwa kwa dakika zilizowekwa, au kimesomwa mnasihi alipopata nafasi? Utaratibu huo ndio wataalamu wanaouita ubora wa maabara.

*

Somo hili nimefundishwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya. Mwaka juzi nilimtembelea kazini. Alinipokea kwa shikamoo, akanipa koti jeupe lililonibana, akanizungusha. Nilitarajia anionyeshe mashine. Yeye akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji, yenye safu za tarehe na nyuzi za joto.

"Mjomba, ukitaka kuijua maabara, anza na hii," akasema. "Kule nilikoanzia kazi nilikuta imejazwa mpaka Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatano. Kila kisanduku kimeandikwa nyuzi 4."

"Nawe ukafanyaje?"

Akacheka kwa haya. "Nikajaza Jumamosi."

Hakujaza kwa uvivu, alinieleza. Mkaguzi alipopita aliangalia kama karatasi imejaa, hakuangalia kipimajoto. Aliyeandika nyuzi 12 siku umeme ulipokatika ndiye aliyeulizwa maswali. Aliyeandika 4 alisifiwa. Kwa hiyo friji ya kituo kile, kwa mujibu wa kumbukumbu, haikuwahi kupata joto, mpaka siku walipolazimika kutupa vitendanishi vyote vilivyokuwa ndani yake.

Nilikaa kimya, maana nilichokisikia si habari ya friji. Ni habari ya ofisi zetu zote. Wangapi kati yetu, tulio katika utumishi wa umma, tumejaza taarifa za robo mwaka kabla robo haijaisha?

Palikuwa na jingine. Maabara zinazopima VVU hutumiwa mara kwa mara sampuli za majaribio ambazo majibu yake yanajulikana na aliyezituma, ili ionekane kama maabara inapata majibu sahihi. Ni utaratibu mzuri. Mpwa wangu alikiri kwamba kule alikoanzia, sampuli hizo zilipofika alikuwa akitafutwa mtaalamu hodari kuliko wote, hata kama yuko likizo, azipime kwa utulivu asubuhi. Kesho yake sampuli za wananchi zilipimwa na aliyekuwapo. Matokeo yakarudi: asilimia 100. Waliokaguliwa wamefaulu, lakini hakuna aliyejua hali ya wananchi waliopimwa siku za kawaida.

*

Nisiwavunje moyo, kwa kuwa kazi kubwa imefanyika. Januari 2008 serikali na mashirika walikutana Maputo, wakatoa azimio la kuimarisha maabara katika nchi zinazoendelea. Walikuwa wameona kwamba dawa za kufubaza virusi zinamiminika Afrika, kwa fedha za PEPFAR ya Marekani iliyotangazwa mwaka 2003 na za Mfuko wa Dunia, ilhali maabara za kuonyesha nani anazihitaji na nani zinamsaidia zilikuwa hoi. Julai 2009, mjini Kigali, ukazinduliwa mpango wa Kanda ya Afrika wa kuzipandisha maabara daraja kwa daraja kuelekea ithibati ya kimataifa ya ISO 15189. Maabara hukaguliwa, hupewa alama, na alama hugeuzwa kuwa nyota. Chini ya asilimia 55 huna nyota hata moja. Kuanzia asilimia 95 una nyota tano.

Ninapenda jambo moja katika mpango huo: maabara isiyo na nyota haifungwi. Inaambiwa imesimama wapi na hatua inayofuata ni ipi. Mafunzo yake hufanyika kwa kazi: unarudi kituoni, unapanga stoo, unapima muda ambao mgonjwa anasubiri, unaleta matokeo kwa wenzako. Na katika kila ukaguzi wapo wanaotafuta kitabu fulani ambacho wageni hawakijui, kitabu cha kuandikia makosa. Sampuli gani ilipotea, jibu gani lilitolewa kwa mtu asiye wake, chanzo kilikuwa nini, marekebisho gani yamefanyika, nani amethibitisha kwamba yamefanya kazi. Mpwa wangu aliniambia neno ambalo sitalisahau: "Mjomba, kitabu hicho kikiwa kitupu, mkaguzi mzuri hafurahi. Anaogopa."

Kwa mgonjwa, kitabu hicho kinaweza kuwa uhai. Kwa anayetumia dawa, kipimo kinachoonyesha kama zinafanya kazi ni cha kiwango cha virusi katika damu. Kikizidi nakala 1,000 kwa mililita ni ishara kwamba ama dawa hazimezwi ipasavyo, ama virusi vimezizoea. Kisipoonekana kabisa, mtu huyo hamwambukizi mwenziwe kwa ngono. Hiyo ni habari ya kubadilisha ndoa na maisha. Lakini damu iliyochukuliwa kwenye zahanati lazima itenganishwe ndani ya saa 24, kisha ihifadhiwe kwa baridi na kusafirishwa mpaka kwenye mashine. Ikilala kwenye sanduku la pikipiki iliyoharibika njiani, hukataliwa, na hiyo ni sawa, kwani afadhali kukosa jibu kuliko kupewa la uongo. Swali ni nini hufuata. Kama sababu ya kukataliwa imeandikwa na kufuatiliwa, kesho pikipiki nyingine hutafutwa. Kama haikuandikwa, mama yule ataendelea kupewa dawa ile ile isiyomsaidia, na faili lake litasomeka "jibu bado."

Kwa mtoto mchanga saa inakwenda kasi zaidi. Kinga za mama hubaki katika damu ya mtoto mpaka hata miezi 18, hivyo kitepe cha kawaida hakiwezi kusema kama mtoto mwenyewe ameambukizwa. Hutakiwa kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, akiwa na wiki 4 hadi 6. Watoto waliozaliwa na VVU, wasipotibiwa, karibu nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, likakaa mwezi mzima kwenye droo likisubiri kusafirishwa, si uzembe mdogo wa kiofisi.

*

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Alikuwa akizungumza na wanachama wa TANU, akiwataka waukubali ukweli na kuyasahihisha makosa yao wenyewe, badala ya kuwatazama watu na kuwagawa kuwa marafiki na maadui. Niliwahi kukisoma kama andiko la siasa. Baada ya kutoka kwa mpwa wangu nilikisoma upya, nikaona kinaweza kubandikwa kwenye ukuta wa maabara yoyote.

Lakini je, sisi tumejenga nchi ambamo kusema "nimekosea" kunalipa? Mei 2020, wakati wa janga la korona, Rais John Magufuli alilieleza taifa kwamba sampuli za papai na mbuzi, miongoni mwa nyingine, zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi zikionyesha maambukizi. Kesho yake ikatangazwa kwamba mkuu wa maabara ya taifa amesimamishwa kazi. Nataka kuwa mwadilifu hapa. Kupeleka sampuli ya siri kuijaribu maabara si dhambi. Ndiyo maana ya sampuli za majaribio nilizozieleza hapo juu. Lakini katika maabara inayojisahihisha, jibu la ajabu ndipo kazi inapoanza: je, kipimo kiliwahi kuthibitishwa kwa sampuli za aina hiyo? Je, kulikuwa na uchafuzi kutoka sampuli jirani? Sisi tulicheka vijiweni, tukasubiri kuona nani atatumbuliwa. Nadhani mafundi wengi wa maabara waliokuwa wakitazama habari ile usiku walijifunza somo moja tu, na si la sayansi. Walijifunza kuandika nyuzi 4.

Kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Methali hii tunaisema sote, lakini mifumo yetu imejengwa kinyume chake. Kwetu kosa ni kuonekana umekosea, na kulirudia gizani hakuna shida. Wakati wa vita dhidi ya UKIMWI tuliwaambia wananchi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Tuliwataka wavue aibu na wapime. Basi na taasisi zilizowapima zivue aibu zao. Serikali inapomwambia raia "pima", inaingia naye mkataba: yeye analeta damu na ujasiri wake, nayo inaleta jibu la kweli. Raia wamelipa upande wao.

Na mkataba una gharama. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Sehemu kubwa ya kazi ya ubora wa maabara za VVU imebebwa na wafadhili, na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tuliona jinsi jambo lililojengwa kwa miaka 20 linavyoweza kutikiswa kwa saini ya siku moja. Panapokatwa bajeti, ubora hutangulia kukatwa. Mashine mpya ina utepe wa kukata na picha ya gazetini. Kipimajoto cha friji, nauli ya sampuli, mshahara wa mtu anayekaa na kitabu cha makosa, hivi havina sherehe.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa watumishi wa umma mnaopanga bajeti za halmashauri: wekeni kifungu cha ubora chenye jina lake, kisifichwe ndani ya "mengineyo". Kwa wanaharakati: mmefanya vema kudai dawa, sasa dai liwe pia kwamba kila wilaya itangaze ni sampuli ngapi zimekataliwa, kwa sababu gani, na siku ngapi zilipita kabla ya jibu kumfikia mgonjwa. Kwa wakaguzi na wakuu wa idara: mtu akiwaletea kosa lake mwenyewe, mshukuruni kwanza, kisha ndipo mwulize maswali. Aliyeghushi au aliyeuza vitendanishi ashtakiwe, hilo ni jambo jingine. Msiwachanganye.

Nami nimeanza na langu. Desemba iliyopita nilirudi katika kituo kile. Mama mnasihi alikwisha kustaafu. Nilimkuta kijana msimamizi wa maabara, nikamsimulia yote, mwezi, mwaka, kabati lililofunguliwa na kufungwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kitabu, akaandika tarehe ya siku ile, akaniuliza tena mwaka wa tukio, akatikisa kichwa. Alipofika kwenye safu ya chanzo aliandika: kipimo cha uthibitisho kuisha. Akainua macho.

"Siku hizi, mzee, kikiisha hatupimi. Tunampeleka mtu kituo cha jirani," akasema. "Ila juzi kati nacho kiliishiwa."

"Mliandika?"

Akafungua ukurasa uliotangulia, akanionyesha. Waliandika.